Evaline Hhando na Kalamu Yangu Nyekundu

Nianze kwa kusema wazi, mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilificha: mimi ni mkali. Naitwa Maximilian, nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, kumi na minane ya mwisho hapa Nambis, na wanafunzi wananiita Fomula wakidhani sijui. Najua. Hata paroko huniita hivyo akijisahau. Mwakani nastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwomba mtoto msamaha, hata yule niliyemchapa kwa kosa la pacha wake.

Naandika habari za Evaline Hhando kwa sababu watu wa hapa wanazisimulia ovyo. Huyu anasema binti ametengeneza redio ya kuongea na ng'ombe. Yule anasema Wazungu wamemchukua. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hata kubadilisha betri ya tochi huita mtu, anasema yeye ndiye aliyemshauri tangu mwanzo. Uongo mtupu! Mimi nilikuwepo, tena kwa karibu kuliko nilivyotakiwa kuwepo.

Evaline alizaliwa Masieda, akaja kukaa kwa shangazi yake hapa Nambis miaka kumi na tano iliyopita ili asome sekondari. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Shikamoo yake ilibidi uinamie ndiyo uisikie. Sasa, kwetu huku mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Hilo halipo. Mkubwa akisema mvua inanyesha, wewe unatafuta mwavuli, na kama jua linawaka unatembea na mwavuli wako. Evaline alikuwa na njia yake. Nikikosea ubaoni hakunyoosha mkono kamwe. Alisubiri kipindi kiishe, akaja na daftari, akasimama mlangoni, akasema: "Mwalimu, naomba unisaidie, hapa sijaelewa." Na pale ambapo hakuelewa ndipo pale pale nilipokosea. Mimi nikadhani namfundisha, kumbe nafuta makosa yangu kwenye daftari lake, na tukaachana kila mtu na heshima yake. Kwa miaka minne nilidhani ni mwanafunzi mzito kidogo wa kuelewa. Jamani!

Alifaulu vizuri, akaenda chuo cha ufundi Arusha kusomea elektroniki. Mwaka wa pili mama yake akaugua, na kwa kuwa kaka zake wote walikuwa na shughuli muhimu sana za kukaa kilabuni, yeye ndiye aliyerudi kumuuguza. Mama alifariki baada ya miaka miwili. Chuo kikamwambia aanze upya. Akaacha. Hivyo ndivyo mtoto mwenye akili kuliko sisi walimu wote wa Nambis tukichanganywa akabaki na cheti kimoja tu cha maana, nacho ni cha kipaimara.

Akaenda Basotu kwa dada yake Fransiska aliyeolewa huko, akawa fundi wa redio, simu na sola. Siku za mnada alitandika turubai lake karibu na zizi, akapigwa vumbi na kwato mpaka jioni. Huko ndiko alikofahamiana na Gidamis, Mbarbaig mwenye ng'ombe wengi. Nasema wengi kwa sababu sijui wangapi. Ukimuuliza idadi anakutazama kama umemuuliza uzito wa mama mkwe wake. Gidamis alileta redio, akakaa akisubiri, akalalamika. Mwaka ule alikuwa amezika ndama wengi kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Akamwambia Evaline maneno ambayo kila mfugaji anayajua: ng'ombe mzima anacheua, ng'ombe akiacha kucheua ana ugonjwa, na ukija kuona masikio yamelegea umeshachelewa. "Nina masikio mawili tu," akasema. "Siwezi kusikiliza midomo yote hiyo."

Mtu mwingine angesema pole sana baba, akampa redio yake. Evaline alichukua maikrofoni ya simu iliyokufa, akaifunga kwenye mkanda wa shingo ya ng'ombe, akaiwekea amplifaya ya kukuza ile sauti ndogo, na akasikia ng'ombe akicheua kama vile yuko ndani ya mdomo wake. Gidamis alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya siku mbili betri ikaisha. Akaweka nyingine, ikaisha. "Nani atachaji ng'ombe?" Gidamis akauliza, na lilikuwa swali la haki kabisa. Ile amplifaya ilikuwa inakula umeme kuliko faida yake. Ilihitajika moja inayokula kidogo sana, kuliko yoyote ambayo fundi wa mnadani anaweza kununua.

Ndipo alipoamua kuichora mwenyewe. Aliporudi Nambis na kufungua kibanda chake pale senta, alikuwa ameshagundua kwamba siku hizi mtu anaweza kushusha programu za kuchora chipu bila malipo, akajifunza kwenye laptopu kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kulikuwa na mradi wa pamoja unaokusanya michoro ya wanaojifunza kutoka nchi mbalimbali, na kuitengeneza yote kwenye chipu moja. Evaline akaomba. Akapewa nafasi kwa masharti: mchoro wake ukaguliwe, ukipita unatengenezwa, usipopita nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Na foleni ilikuwa ndefu.

Alipokuja nyumbani kwangu kuniambia hayo ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mke wangu Helena alimpa chai. Nikamuuliza anataka nini hasa katika mambo haya, maana kazi ya ufundi anayo na watu wanamheshimu. Alizungusha kikombe chake mezani. "Mwalimu," akasema, "nataka kitu kimoja nilichokimaliza."

Basi. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Kikombe changu kilinikaa mkononi nisijue nikinywe au nikiweke.

Kisha akatoa karatasi. Alikuwa amepita mjini Mbulu kuzichapisha kwa sababu yangu, anajua mimi sisahihishi kioo, nasahihisha karatasi. Nikavaa miwani. Nikachukua kalamu nyekundu kabla hata sijasoma mstari wa kwanza. Hiyo ni tabia, kama mtu anayetafuna kabla chakula hakijafika.

Nieleze kidogo, na asiyetaka aruke. Transista ni kama bomba lenye koki: volti unayoweka kwenye koki inaamua mkondo kiasi gani upite. Ukichora chipu yako, wewe ndiye unayeamua kila transista iwe na upana gani na urefu gani. Upana ukiwa mdogo, transista haitendi kazi unayotaka. Ukiwa mkubwa, inachukua nafasi na kuwa nzito. Kupata kipimo sahihi ndiyo kazi yenyewe, na kwa kazi hiyo mimi nilikuwa na fomula. Niliipata chuoni mwaka ambao baadhi ya wasomaji hawajazaliwa. Unaingiza mkondo, unaingiza nguvu unayotaka, upana unatoka. Nimeiandika ubaoni mara nyingi mpaka naweza kuiandika nikiwa nimelala, na wanafunzi wanadai nimewahi.

Karatasi za Evaline hazikuwa na fomula hata moja. Zilikuwa na majedwali, kurasa baada ya kurasa za tarakimu.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni jedwali, Mwalimu. Nimechukua transista moja kwenye kompyuta nikaijaribu kwa kila volti na kila urefu, nikaandika ilichofanya." Alizungumza polepole, macho kwenye meza. "Naona ni kama ng'ombe. Mtu anayenunua ng'ombe kwa ukubwa wa mwili anaweza kudanganyika. Naangalia kwanza anatoa maziwa kiasi gani kwa kila mzigo wa majani anaokula. Na transista hivyo hivyo, inatoa kazi kiasi gani kwa kila mkondo inaokula. Mimi nina majani kidogo sana, mikroampia moja tu. Kwa hiyo nataka ile inayotoa ishirini na nne kwa kila moja. Natafuta ishirini na nne kwenye jedwali, najua kila mikrometa ya upana itapitisha nanoampia ishirini na tano. Mikroampia yangu moja ni nanoampia elfu moja. Nagawanya. Upana ni mikrometa arobaini."

Helena, ambaye fizikia yake iliishia darasa la saba, akasema: "Mbona hiyo inaeleweka?"

Nikamtazama Helena. Halafu nikapiga hesabu kwa fomula yangu pembeni ya karatasi, haraka, wino ukirukaruka. Kwa urefu ule ule wa mikrometa tano, upana ulitoka sita. Sita! Na mtoto huyu ameandika arobaini! Nikaikata arobaini kwa mstari mwekundu, nikaandika sita, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: UBADHIRIFU. Nikahamia kwenye transista inayofuata, nayo nikaikata. Nikamaliza kurasa zote. Ilikuwa inafurahisha, siwezi kusema uongo. Mtu aliyekaribia kustaafu hapati nafasi nyingi za kuwa muhimu.

Evaline alichukua karatasi zake, akazitazama. "Mwalimu," akasema, "naomba unisaidie. Hapa kwenye sita sijaelewa."

Na mimi, mpumbavu mwenye miwani, nikamwelewesha. Saa nzima! Nikaichambua fomula tangu kwa babu yake. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotua. Mwisho akasema asante Mwalimu, akaaga, akaenda kibandani kwake akafuta arobaini na kuandika sita. Angefanyaje? Mwalimu amesema mvua inanyesha.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa iliyofuata, kwa njia ya video, ofisini kwa paroko, maana intaneti ya parokia inapanda mbinguni haraka kuliko sala zetu. Nilivaa koti. Nilikaa pembeni ya Evaline bila kualikwa, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu wake. Mkaguzi alikuwa dada mmoja aitwaye Mary, mhandisi Mtanzania anayefanya kazi nje, umri wa binti yangu. Akanipa shikamoo kupitia kioo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mgeni rasmi.

Hakuchukua dakika kumi. "Evaline," akasema, "nimeujaribu mchoro wako. Uliniahidi ishirini na nne kwa kila mikroampia. Inatoa kumi na tano. Sauti ya kucheua itamezwa na kelele za amplifaya yenyewe, hutasikia kitu. Huu upana wa mikrometa sita umetoka wapi?"

Evaline aliinamia karatasi zake.

"Maana mwezi uliopita uliponitumia rasimu ilikuwa tofauti, na ilikuwa nzuri. Hii sita umeitoa wapi?"

Nilisikia saa ya ukutani ya paroko. Nilisikia kuku nje. Nilijua ile sita imetoka wapi, ilikuwa imetoka kwenye kalamu iliyokuwa mfukoni mwa koti langu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo, mdomo huu ambao haujafungwa tangu nipewe chaki. Haukufunguka.

"Ni kosa langu," Evaline akasema. "Nimekosea mimi."

Mary alipumua. Akasema anampa wiki moja, mpaka Ijumaa saa nne asubuhi. Akasema pia jambo ambalo lilinichoma kuliko yote: safari hii kila kipimo atakieleza kimetoka wapi, kwa sababu mradi haupokei namba ambayo mwenyewe hajui ilikozaliwa. Akishindwa, nafasi inaondoka.

Tulitoka nje. Nilitegemea anitazame vibaya, nipate sababu ya kukasirika. Akasema, "Asante kwa kunisindikiza, Mwalimu," na akaenda zake. Afadhali angenizaba kibao.

Nilikasirika hata hivyo. Nilikasirikia programu yao, nikamkasirikia Mary, nikasema hawa vijana wanaamini kompyuta kuliko hesabu. Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu: "Shikamoo Mwalimu. Naomba nije nielekezwe pale kwenye sita." Sikujibu. Jumapili baada ya misa nilimwona akija upande wangu, nikajifanya naongea na katekista kuhusu mabati ya kigango, mada ambayo hata katekista hapendi. Jumatatu, ujumbe ule ule. Jumanne, ule ule.

"Mbona mtoto hajirudishii tu arobaini yake?" nikamwambia Helena, kwa ukali, kama vile Helena ndiye aliyeandika sita. "Si anajua ni sahihi?"

Helena alikuwa anachambua maharage. "Uliikata wewe," akasema. "Ataiandikaje juu ya mkono wako bila wewe kumwambia? Ungekuwa wewe, wakati ule wa mwalimu wako, ungeandika?"

Nisingeandika. Mwalimu wangu angenifukuza nyumbani kwake na kijijini pia.

"Basi mtoto anakupigia hodi siku ya nne hii," Helena akaendelea. "Unasubiri azeeke ndipo umfungulie? Na kiburi hicho utazikwa nacho, maana sanduku lenyewe tutalitengeneza pana." Akarudi kwenye maharage yake. Huyo ndiye niliyefunga naye ndoa mbele ya altare.

Jumatano nilikuwa na kipindi cha kidato cha nne maabara. Nikasema sawa, tuimalize hii. Nikachukua transista ya aina ile, niliyoing'oa kwenye kifaa kibovu, nikaifunga na betri, na rezista kubwa ili tuweze kupima mkondo mdogo. Niliwaambia wanafunzi: fomula inasema chini ya volti ya kizingiti, ile ya kufungulia koki, koki imefungwa, mkondo ni sifuri. Andikeni sifuri. Wakaandika, watoto wazuri. Nikashusha volti chini ya kizingiti, nikageuza mita ili waione na wao.

Haikuwa sifuri.

Nikakagua nyaya. Nikabadilisha betri. Nikaipiga mita kofi. Mkondo mdogo ulikuwa unapita pale pale ambapo kwa miaka thelathini na moja niliwaambia watu hakuna kitu, na kila nilipopandisha volti kidogo ulikua maradufu, kwa mwendo ambao fomula yangu haiujui kabisa. Na chini huko, kwenye mkondo mdogo karibu na kizingiti, ndiko Evaline alikokuwa anafanyia kazi. Fomula yangu si ya uongo. Ni ya mahali pengine, kwenye mikondo mikubwa. Mimi nilikuwa nimeipeleka mahali ambapo haijulikani hata kwa jina.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, kwa upole wa kutisha: "Mwalimu, si ulisema hapo ni sifuri?"

"Nilisema."

"Sasa tuandike nini?"

"Andikeni mnachokiona," nikasema, nikatoka nje nikasimama nyuma ya maabara kwenye mibuni. Nililia. Ndiyo, nililia, na anayetaka kucheka acheke. Si kwa sababu ya fomula. Ni kwa sababu nilikumbuka madaftari yote yale aliyoniletea mlangoni, miaka minne, sijaelewa hapa Mwalimu, sijaelewa hapa, na mara hii moja ambapo ilihitajika nielewe, nilimhutubia saa nzima.

Alhamisi mchana nilikwenda kibandani kwake. Nilimkuta ameinamia laptopu, nayo ina mafaili mawili wazi: moja lina arobaini, moja lina sita. Alikuwa amekamilisha yote mawili. Lile la arobaini alikuwa amelirekebisha mpaka waya wa mwisho, tayari kabisa, na alikuwa hajalituma. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kwa nini hujatuma?"

"Nilikuwa nasubiri unielekeze."

"Na ningekaa kimya mpaka kesho saa nne?"

Alikunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua, akaikunja. Nikaelewa kwamba angeiacha nafasi ipotee. Kile kitu kimoja alichotaka kukimaliza, angekiacha kipotee mezani hapo, kuliko kupita juu ya mkono wangu. Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata hata siku wanafunzi walipochoma bweni, na yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Evaline. Sita ni makosa. Ni makosa yangu. Futa."

"Mwalimu, labda mimi ndiye sija—"

"Umeelewa! Ulielewa tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikuelewa. Futa hilo faili nikiona."

Akalifuta. Akatuma la arobaini. Kisha akaniuliza kama ninakunywa soda, kana kwamba hakuna kilichotokea, nami nikanywa soda.

Ijumaa saa nne tulikuwa kwa paroko. Sikuvaa koti. Mary akatokea kwenye kioo, akasalimia, akaingia moja kwa moja: "Nimeona umebadilisha kila kitu. Wiki iliyopita niliuliza sita imetoka wapi, ukasema kosa lako. Hukuniambia imetoka wapi. Lazima nijue kabla sijaendelea."

Evaline alivuta pumzi. Niliona midomo yake inajiandaa kusema mimi, ni mimi. Nikajisogeza mbele mpaka sura yangu ikajaa kwenye kioo.

"Imetoka kwangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeikata arobaini kwa kalamu. Nilitumia fomula isiyofaa kwa mkondo mdogo kama huu, na nilipomwona anabeba lawama nilikaa kimya hapa hapa. Nimekosea. Evaline, naomba unisamehe."

Paroko, aliyekuwa anajifanya anatafuta kitu kabatini, aliacha kutafuta. Nadhani alikuwa hajawahi kuliona jambo hilo hata kwenye kitubio. Evaline alitazama chini, akaitikia kwa kichwa mara moja. Mary akasema tu, "Haya. Na arobaini, Evaline?"

Akaanza. Kwanza kwa sauti ile ya ndani ya blanketi, mpaka Mary akamwomba apandishe. Alieleza jinsi alivyolitengeneza jedwali. Alieleza kwa nini urefu ni mikrometa tano na si moja, kwa sababu ya kelele. Alieleza mikroampia moja na betri ya mwaka mzima na shingo ya ng'ombe wa Gidamis. Sauti ikaanza kupanda yenyewe. Alipofika kwenye ishirini na nne, akasema jambo kuhusu joto ambalo mimi niliona angeweza kulieleza vizuri zaidi, kwa mpangilio, akianza na kanuni.

"Kwa hapo," nikasema, "nafikiri tuanze na—"

"Mwalimu," Evaline akasema. Aligeuka akanitazama usoni. Kwa miaka yote niliyomfahamu nilikuwa sijawahi kuona rangi ya macho yake vizuri. "Naomba unyamaze kidogo. Nimalize."

Katekista, aliyekuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, alishika mdomo. Mimi niliufunga wangu.

Akamaliza. Ilichukua dakika ishirini, transista moja baada ya nyingine, kila namba na ilikozaliwa. Mary aliuliza maswali matatu magumu. La tatu hakulijua, akasema silijui, nitalijaribu leo mchana nikutumie, na hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo. Mary akaandika kitu. Akasema nafasi ni yake, mchoro unakwenda kiwandani, itachukua miezi tisa.

Evaline aliweka mikono miwili juu ya meza ya paroko na kukaa hivyo. Kisha akanigeukia haraka, uso umejaa hofu, ile shikamoo yote imemrudia. "Mwalimu, samahani sana, nimekukatiza mbele ya watu."

"Ndiyo," nikasema. "Umechelewa miaka kumi na tano."